Giaboksi ya otomatiki inasumbua: pa kuanzia kabla ya kuishusha

"Giaboksi imekufa, tafuta nyingine." Kauli hii hutolewa mapema mno katika gereji zetu. Hutolewa kabla mtu hajachomoa dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili, kabla hajalala chini ya gari kuitazama kebo ya gia, kabla hajauliza kama kuna aliyetoa themostati, ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta kabla hayajapata joto. Mwenye gari anajichanga, ananunua giaboksi ya mtumba, inafungwa, na mwezi haujaisha dalili zile zile zimerudi, kwa sababu chanzo hakikuwa ndani ya giaboksi. Kwa anayelitegemea gari kwa riziki yake hilo ni pigo zito, na mara nyingi lingeweza kuepukwa.

Mwongozo huu unafuata dalili, ukianza na yale unayoweza kuyapima nyumbani kwa spana za kawaida na kuishia pale ambapo ni lazima umwachie fundi wa giaboksi. Mfano wangu ni Toyota ndogo za gia nne zilizojaa barabarani kwetu: IST ya kwanza, Corolla NZE121, Probox, Premio na Allion za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyingi kati ya hizo zina giaboksi ya U340E au ndugu yake U341E. Ukiwa na gari jingine, njia ya kufikiri ni hiyo hiyo, ila aina ya oili na vipimo uvichukue kwenye kitabu cha gari lako. CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua, ina tabia zake, nayo nimeitengea nafasi huko mbele.

Kabla ya kuingia chini ya gari, hakikisha lipo mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, magogo yamewekwa kwenye magurudumu, na uzito umekaa juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haimlindi mtu, na tofali hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Oili iliyotoka safarini huunguza ngozi, hivyo subiri hadi uweze kuigusa sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kwa kiganja.

Oili kwanza, hata kama umeshaambiwa ni kitu kingine

Katika giaboksi ya otomatiki oili hailainishi tu. Ndiyo inayopitisha nguvu ya injini ndani ya konveta, lile bakuli la chuma lililofungwa kati ya injini na giaboksi. Ndiyo inayobana pleti za klachi, zile sahani zinazoshikanisha gia, ndiyo inayoelekezwa na solenoidi (valvu ndogo za umeme) kwenda kubadili gia, na ndiyo inayobeba joto kwenda kupoozwa kwenye rejeta. Ikipungua, pampu huvuta hewa, shinikizo hushuka, na dalili zake hufanana kabisa na za giaboksi iliyokwisha. Ndiyo maana kipimo hiki hakirukwi.

Endesha gari kwa dakika 20 au zaidi hadi giaboksi ipate joto lake la kazi, ambalo kwa Toyota hizi ni nyuzi 70 hadi 80. Egesha mahali tambarare na uiache injini ikiunguruma taratibu. Kanyaga breki, pitisha leva polepole kutoka P hadi L ukisita kidogo katika kila nafasi, kisha irudishe P. Injini ikiwa bado inawaka, chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili za HOT. Alama za COOL ni za kukadiria gari likiwa baridi, usizitumie kufanya uamuzi. Mwenye Honda yenye dipstiki hupima tofauti: anazima injini kwanza, kisha anasoma kati ya sekunde 60 na 90 baadaye.

Ikiwa imepungua, ongeza robo lita kupitia bomba la dipstiki kwa mrija mrefu wa kumiminia, kisha pima tena. Usimimine kwa kukisia, maana oili iliyozidi nayo ni ugonjwa. Sehemu zinazozunguka huipiga mpaka ikafanya povu, na povu haliwezi kubana klachi. Gari litateleza vile vile kama lenye oili pungufu, na mwenye gari atazidi kuongeza akidhani bado haitoshi.

Aina ya oili imeandikwa kwenye dipstiki yenyewe, na kwa gari hizi mara nyingi utasoma T-IV. WS ni ya giaboksi za baadaye, nyingi zikiwa hazina dipstiki. Muuzaji akikuambia ATF (oili za giaboksi ya otomatiki) zote ni moja, usimsikilize. Msuguano wa kila oili umepangwa kuendana na pleti za giaboksi husika, na ukikosea aina, dalili ya kwanza huwa mtetemo au gia zinazoingia kwa kishindo.

Sasa itazame na uinuse. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu inayopitisha mwanga ni nzima. Kahawia isiyo na harufu kali imezeeka na inahitaji kubadilishwa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, iliyoacha chembe nyeusi kwenye karatasi, inakueleza kwamba pleti zimeungua, na hakuna oili mpya itakayozirudisha. Ile iliyopauka ikawa kama maziwa ya waridi ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu maji ya rejeta yameingia. Zima gari na usiliendeshe tena, hata hadi gereji ya mtaa wa pili. Bomba la kupoozea oili limo ndani ya tanki la rejeta, na likitoboka, maji na oili hukutana. Gundi inayoshikilia utando wa pleti haivumilii maji, kwa hiyo kila kilomita unayoongeza inakupunguzia nafasi ya kuiokoa. Ukiwahi, badilisha rejeta, kisha mwaga na ujaze oili mara kadhaa hadi rangi irudi safi. Hapa ndipo giaboksi ya pili nayo hufa: wanafunga nyingine na kuiacha rejeta ile ile.

Oili hii haichomwi kama mafuta ya injini, hivyo ikipungua ujue imevuja. Tandika kadibodi chini ya gari usiku kucha na asubuhi uangalie doa lilipo. Karibu na gurudumu, shuku sili ya draivishafti, ile shafti inayotoka giaboksi kwenda gurudumu. Kwenye ukingo wa sampo, gasketi. Mbele karibu na rejeta, mipira ya kupoozea au kleipu zake. Doa likiwa pale injini inapokutana na giaboksi, huenda ni sili ya mbele ya konveta, na hiyo haibadilishwi bila kushusha giaboksi. Usichanganye na oili ya usukani, ambayo katika gari nyingi ni nyekundu pia.

Leva imegoma kutoka P

Hili halina uhusiano na giaboksi hata kidogo, lakini kuna watu wameitiwa gari la kuvuta kwa sababu yake. Leva hufunguliwa na umeme unaopita kwenye swichi ya pedali ya breki. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari, kanyaga breki, aangalie taa za breki. Zisipowaka, tafuta fyuzi iliyoandikwa STOP, kisha swichi iliyo juu ya pedali, na tatizo lako mara nyingi litaishia hapo. Kwa kulihamisha gari kwa dharura, karibu na leva kuna kitufe kidogo cha SHIFT LOCK, wakati mwingine kikiwa chini ya kifuniko cha plastiki. Kibonyeze huku ukikanyaga breki, na leva itatoka.

Gari halisogei

Jiulize kwanza: limegoma D na R zote, au moja tu?

Zikiwa zote na oili iko sawa, nenda kwenye kebo ya gia. Inapoishia kwenye giaboksi hushika mkono mdogo wa chuma kupitia bushi ya plastiki. Bushi hiyo hukauka kwa joto la injini na siku moja huvunjika. Ndani ya gari utahisi leva imekuwa laini isivyo kawaida, au stata imekataa kuzungusha injini ukiwa P kwa sababu giaboksi yenyewe haiko P. Zima injini, weka magogo kwenye magurudumu, mwombe mwenzako aitembeze leva huku wewe ukiutazama ule mkono. Unatakiwa usogee na kusita katika kila nafasi. Kebo ikiwa nzima lakini imepotea mahali pake, legeza nati yake, usogeze mkono hadi mwisho upande wa P, urudishe hatua mbili ufike N, weka leva ya ndani N, kisha kaza. Ni kazi ya spana moja.

Jambo la pili ni draivishafti. Gari likiwa tambarare, weka P, achia breki ya mkono, na mtu alisukume kidogo kwa mkono huku wewe umekaa tayari kwenye breki. Likitembea ilhali liko P, kuna shafti iliyochomoka au jointi iliyovunjika, kwa sababu P hufunga magurudumu kupitia shafti hizo hizo. Giaboksi haina kosa.

Likigoma nyuma tu na mbele linakwenda, au kinyume chake, huku oili na kebo viko sawa, klachi ya upande mmoja imekwisha au shinikizo lake linavuja ndani. Hilo si la nyumbani.

Kuna gari ambalo asubuhi linakwenda vizuri, likishapata moto linakataa, ukilizima nusu saa linakubali tena. Sababu mbili zinaongoza. Ya kwanza ni chujio ndani ya sampo lililozibwa na uchafu: gari likizimwa uchafu huanguka chini, likitembea unavutwa tena na kuziba. Ya pili ni sili za ndani zilizokakamaa, zinazopitisha oili pale inapokuwa nyepesi kwa joto. La kwanza unaweza kulishughulikia kwa kufungua sampo. La pili ni la kushusha.

Na ikibidi gari livutwe, magurudumu yanayoendesha yanyanyuliwe. Pampu ya oili huzungushwa na injini, kwa hiyo injini ikizimwa hakuna oili inayofika kwenye gia huku magurudumu yakizizungusha. Kwa sababu hiyo hiyo gari hili haliwashwi kwa kusukumwa, hata wangekuja vijana wa mtaa mzima.

Linachelewa kushika gia, au linashika kwa kishindo

Kuchelewa kunapimika kwa saa. Gari likiwa na joto la kazi, kiyoyozi kimezimwa, breki ya mkono imevutwa na mguu uko kwenye breki, toa leva N uweke D na uhesabu hadi uhisi mshtuko mdogo wa kushika. Toyota wanataka isizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R isizidi sekunde 1.5. Rudia mara tatu, ukiacha dakika moja kati ya kipimo na kipimo, uchukue wastani. Zikizidi zote mbili, shinikizo la jumla ni dogo, kwa hiyo rudi kwenye oili na chujio. Ikizidi moja tu, klachi ya upande huo ndiyo inayochoka.

Kishindo ni hadithi nyingine. Wengi hukimbilia solenoidi, lakini anza na mzunguko wa injini. Ukiwa N, injini yenye moto ikisimama kwenye RPM (mizunguko kwa dakika) 1,100 badala ya karibu na 700, kila gia itaingia kwa nguvu. Safisha throto, ile valvu ya hewa ya injini, tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Kisha fungua boneti, mwombe mwenye leseni akae ndani akanyage breki kwa nguvu na kubadili D na R bila kugusa mafuta, nawe usimame ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikinyanyuka na kuanguka, raba ya mauntingi, yaani kiti kinachoishikilia injini, imekatika, na kishindo unachosikia ni injini inayogonga kiti chake. Vitu hivi viwili vikiwa sawa na kishindo bado kipo, hapo ndipo solenoidi ya shinikizo inapoingia kwenye orodha.

RPM inapanda, mwendo haupandi

Hii ndiyo maana halisi ya giaboksi kuteleza. Unakanyaga mafuta kupanda mlima, mshale wa RPM unaruka kutoka 2,500 hadi 4,000, na gari limebaki pale pale. Usichanganye na injini dhaifu, ambayo hukataa hata kupandisha RPM. Gari lenye pampu ya mafuta iliyochoka au mfumo wa moshi ulioziba huwa zito na mshale uko chini.

Likiteleza, pima oili mara moja. Ikiwa pungufu na bado nyekundu, umeliwahi. Ikiwa nyeusi na inanuka, pleti zimeungua na kila mwendo wa kasi unazimaliza. Usilipeleke safari ya mbali kwa matumaini, maana mteremko na mwinuko kama wa mlima Kitonga si mahali pa kugundua kwamba zimekwisha.

Hapa ndipo pia linapokuja dai la mitaani kwamba oili mpya huua giaboksi. Ukweli ni kwamba watu wengi hubadilisha oili baada ya gari kuanza kuteleza, linazidi kuharibika, na lawama inaangukia oili. Kwa giaboksi ambayo haijateleza, hata kama oili imekuwa kahawia, kumwaga na kujaza taratibu kunaisaidia. Nisichokishauri kwa giaboksi yenye oili chakavu ni ile mashine ya kusukuma oili yote itoke kwa nguvu kwa mkupuo mmoja, kwa sababu inaweza kuuhamisha uchafu uliotulia hadi kwenye vijia vyembamba vya valvu bodi, sehemu inayogawa oili kwenda kwenye klachi.

Haliingii gia ya mwisho

Barabara kuu, kilomita 80 kwa saa, injini inalia na mafuta yanaisha haraka. Kabla ya chochote, angalia kama taa ya O/D OFF kwenye dashibodi, inayoonyesha kuwa gia ya mwisho imefungwa, imewaka na kutulia. Ikiwa hivyo, mtu amebonyeza kitufe cha ubavuni mwa leva. Kibonyeze tena na safari iendelee.

Taa ikiwa imezimwa, uliza habari za themostati. Kwetu ni desturi kuitoa gari linapochemka, kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na haihitajiki. Lakini kompyuta ya gari haitaki kuruhusu gia ya juu wala kufunga klachi ya konveta hadi maji ya injini yafike kiwango chake cha joto. Ikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta muda wote, na gari likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, hasa nyanda za baridi kama Mbeya, Njombe au Limuru, huenda lisifike kiwango hicho. Matokeo ni gari linalotembea gia ya tatu safari nzima, konveta ikiteleza na kuzalisha joto lisilo la lazima, na mwishoni mtu anaambiwa giaboksi imechoka. Nunua themostati sahihi na uirudishe. Kama gari lilikuwa linachemka, tafuta sababu ya kuchemka: rejeta iliyoziba, feni, kifuniko cha rejeta, au gasketi ya silinda hedi. Kati ya mambo yote ya mwongozo huu, hili ndilo ningependa liwafikie watu wengi zaidi, kwa sababu ni kosa tunalolitengeneza wenyewe kwa mikono yetu.

Kwa mwenye kifaa cha kusoma gari, thibitisha kwa kutazama joto la maji ukiwa unatembea. Likiwa linazunguka kwenye nyuzi 50 na kitu, jibu unalo.

Mtetemo kati ya kilomita 60 na 80

Gari linatetemeka kana kwamba limepita juu ya vijiwe, ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu kwenye mwendo wa kutulia. Yapo mambo mawili yanayofanana hapa: klachi ya konveta inayofunga kwa kuteleza, na injini inayokosa moto kwenye silinda moja. Yatofautishe hivi. Kwenye barabara isiyo na gari nyuma yako, mtetemo ukiwa umeanza, shikilia mafuta pale pale na uguse pedali ya breki kwa wepesi, kiasi cha kuwasha taa za breki bila kupunguza mwendo. Kuguswa kwa breki hufungua klachi ya konveta. Mtetemo ukikata papo hapo na RPM ikapanda kidogo, ni konveta. Ukiendelea, angalia plagi na koili.

Kwa konveta, dawa ya kwanza ni oili sahihi. Mwaga na ujaze, tembea kwa wiki kadhaa, rudia. Mara nyingi mtetemo wa oili chakavu hupungua au kuondoka. Usipoondoka, klachi ya ndani ya konveta imekwisha, na konveta haifunguliwi nyumbani.

Taa ya O/D inawaka na kuzima yenyewe

Taa inayopepesa ni kompyuta inayoomba isikilizwe. Imeona hitilafu, na mara nyingi imeligandisha gari kwenye gia moja ili kuilinda giaboksi, ndiyo maana linaondoka kwa uzito. Soma namba za hitilafu. P0700 peke yake haina maelezo, ni tangazo tu kwamba kuna namba nyingine. P0705 ni swichi ya nafasi ya leva. P0717 ni sensa ya mzunguko wa ndani ya giaboksi. P0753 na P0758 ni umeme wa solenoidi za kubadili gia. P0741 ni klachi ya konveta.

Vifaa vya bei ndogo vya bluetooth wakati mwingine havielewani na gari za zamani zilizotoka Japani moja kwa moja. Kwa Toyota hizi kuna njia nyingine: kwenye soketi iliyo chini ya usukani, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa waya mfupi, swichi ikiwa ON bila kuwasha injini, uhesabu mipepeso ya taa. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka, maana tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja.

Namba ya umeme wa solenoidi haimaanishi solenoidi imekufa. Anza na betri yenye nguvu, waya wa ardhi unaotoka betri kwenda giaboksi usio na kutu, na plagi kubwa ya nyaya iliyo juu ya giaboksi isiyo na maji wala oili. Baadaye tumia mita: solenoidi za kubadili gia za familia hii husoma omu 11 hadi 15, na ile ya shinikizo husoma omu 5.0 hadi 5.6, zikiwa na joto la kawaida la chumba. Zinazosoma vibaya zinafikika kwa kufungua sampo, bila kushusha giaboksi. Fundi anayetaka kuishusha yote kwa ajili ya solenoidi moja mwulize kwa nini.

CVT

Vitz na Premio za baadaye, Nissan X-Trail T31, Note, Honda Fit na Subaru nyingi za miaka ya karibuni hazina gia za hatua. Zina mkanda au mnyororo wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Ukiweka ATF ya kawaida humo, mkanda unakosa mshiko na kuchubua puli, na uharibifu huo haurudi nyuma. Toyota hutumia TC au FE, Nissan NS-2 au NS-3, Honda Fit ya kwanza HMMF ambayo baadaye ilirithiwa na HCF-2. Usiazime ya kampuni nyingine.

Fit ya kwanza inayotetemeka wakati wa kuondoka mara nyingi inalalamikia oili yake ya zamani. Mlio wa kulia unaoongezeka na mwendo ni wa beringi. Gari linaloenda vizuri mjini na kupoteza nguvu baada ya saa moja ya mwendo wa kasi limejilinda dhidi ya joto: safisha uso wa rejeta, angalia kipoozi cha oili, badilisha oili. Zaidi ya hapo, CVT haina matengenezo ya uani.

Kumwaga oili mwenyewe

Kwa U340E, gari likiwa na uvuguvugu na limekaa juu ya stendi, fungua bolti ya chini ya sampo. Ina pembe sita za ndani, hivyo tumia alenki. Hakikisha ni ya giaboksi na si ya injini, kwa sababu watu humwaga isiyo yake na kisha kuiendesha tupu. Zitatoka karibu lita tatu. Pima ulichomwaga kwenye chupa, na urudishe kiasi kile kile cha oili mpya. Nyingine imebaki kwenye konveta, ndiyo maana zoezi hurudiwa mara mbili au tatu, ukitembea kidogo kati ya moja na nyingine.

Ukifungua sampo, sumaku zilizo chini yake zitakupa habari kuliko mashine yoyote. Unga wa kijivu laini ni uchakavu wa kawaida, ufute. Vipande vya chuma vinavyochoma kidole ni gia au beringi. Chembe za njano ni bushi. Matabaka meusi ni utando wa pleti. Badilisha chujio, weka gasketi mpya, na usijaze silikoni, kwa sababu ziada yake hukatika ndani na kuishia kwenye chujio jipya. Bolti za sampo ni ndogo, za spana 10, zikazwe kwa mzunguko wa kupishana na kwa mkono mwepesi. Nyuzi za aluminiamu zikiharibika ni kazi kubwa. Oili chakavu usiimwage mtaroni, ipeleke gereji inayoikusanya.

Ikibidi ishushwe

Oili nyeusi yenye matabaka, vipande vya chuma kwenye sumaku, gia moja iliyokufa huku nje kote kukiwa sawa: hapo ndipo pa kukubali. Ukichagua giaboksi ya mtumba, iwe ya Kariakoo au Kirinyaga Road, linganisha namba kwenye kibao cha gari lako na ya ile unayotaka kuinunua, kwa sababu giaboksi za 2WD na 4WD, na hata za injini tofauti za gari lile lile, hazibadilishani ovyo. Chomoa dipstiki yake dukani uinuse. Kabla haijapanda, badilisha sili ya mbele na za pembeni wakati mkono unafika, na mabomba ya kupoozea pamoja na rejeta yasafishwe hadi oili safi itoke upande wa pili.

Simama karibu wakati wa kuunganisha konveta. Fundi anaisukuma huku akiizungusha, nayo inazama kwa hatua, ikishika mashina yaliyo ndani moja baada ya jingine mpaka meno ya pampu. Giaboksi inatakiwa igusane na injini kwa kusukumwa kwa mikono tu. Ikibaki nafasi na mtu akaanza kuivuta kwa kukaza bolti, mwambie aache, aitoe konveta na kuipanga upya. Vinginevyo meno ya pampu hupasuka kabla gari halijawashwa. Ikishafungwa, jaza oili, washa, pitisha leva kila nafasi, jaza tena hadi alama. Baada ya safari ya kwanza yenye joto pima upya, na tandika ile kadibodi usiku huo.